Maneno yetu yako mbali: nani anayalipia yasipotee?

Ndugu wasikilizaji wa Katoto na wa Kamina yote, na ninyi jamaa mliofika huku mkikimbia vita, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo tumezoea kuwaachia maprofesa.

Kila mwaka watu wanakuja kutuuliza maswali. Zamani walikuja na daftari, siku hizi wanakuja na tableti. Mko wangapi katika nyumba? Mlitoka kijiji gani? Jana mlikula mara ngapi? Mtoto huyu ana kilo ngapi? Tunajibu, wanashukuru, wanapanda pikipiki, wanaenda. Kisha tunabaki kuulizana: majibu yale yanaenda wapi? Nimelisikia swali hilo mara nyingi, hasa kwa mama waliohojiwa mara tatu au nne tangu walipotoroka kwao, na karibu kila mara linaulizwa kwa hasira. Wengi wanaamini kwamba majibu yanafichwa au yanauzwa.

Mimi nasema hivi. Mengi hayafichwi. Yamewekwa kwenye intaneti ili mwanafunzi wa Kamina, daktari wa Bukama na profesa wa Ulaya wayatumie bila kulipa hata franka moja. Hatari iko mahali pengine, na tunaizungumza kidogo sana. Nyumba inayotunza majibu hayo mara nyingi ina mlipaji mmoja, naye anaweza kufunga mfuko wake kesho asubuhi. Sisi tulioyatoa hatuna nakala, hatuna ufunguo, hata habari kwamba mlango umefungwa hatuipati.

Mwaka 2025 tuliyaona. Kuna uchunguzi mkubwa wa afya na uzazi unaofanywa nyumba kwa nyumba katika nchi zaidi ya 90. Kwa Kifaransa unaitwa EDS. Kwetu Kongo ulifanywa mwaka 2007, tena 2013-2014, na wa mwisho ni wa 2023-2024. Ndio unaosema watoto wangapi wanakufa kabla ya kufika miaka 5, mama wangapi wanazalia nyumbani, nyumba ngapi zina maji safi, jimbo kwa jimbo. Mtu yeyote mwenye kazi ya maana aliweza kuomba data, kueleza anataka kuzitumia kwa nini, na kupewa bure. Tangu mwaka 1984 gharama kubwa ilibebwa na USAID. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata mkataba huo, na kazi ikasimama. Aliyetuma ombi jipya la kupata data hakupata mtu wa kumjibu. Wiki chache kabla ya hapo, mtandao wa kutoa onyo la njaa uitwao FEWS NET, uliokuwa ukifanya kazi tangu 1985, ulizimwa kwenye intaneti pamoja na ramani na ripoti za miaka mingi. Ulikuja kurudi baadaye, lakini kwa miezi kadhaa aliyetaka kulinganisha njaa ya mwaka huu na ya mwaka uliopita alikuta ukuta.

Hakuna aliyechoma makaratasi na hakuna mwizi aliyeingia. Mlipaji alikuwa mmoja, akaondoka.

Wenye kukaa kambini wanalijua jambo hili vizuri kuliko maprofesa, kwa sababu wameliona kwenye pompi ya maji. Shirika linachimba, linapaka rangi, linaandika jina lake kwenye simenti, siku ya kufungua watu wanacheza ngoma. Mwaka unaofuata mpira mdogo wa ndani unapasuka. Hakuna kamati iliyokuwa inachanga, hakuna kijana aliyefundishwa kufungua bomba, na shirika limeshahamia jimbo lingine. Watu wanarudi mtoni. Pesa ya kuchimba ilipatikana, ya mpira haikupatikana. Nyumba za kutunza utafiti zina ugonjwa huo huo: mfadhili anapenda kufungua, hapendi kutengeneza.

Nchi hii tunayokaa ni nchi ya Baluba, na Baluba walikuwa na chombo chao cha kutunza habari. Kinaitwa lukasa, kibao cha kushika mkononi chenye shanga na kauri. Waliokisoma walikuwa watu wa chama cha Bambudye, na wenye ujuzi zaidi kati yao waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Msomaji alipitisha kidole juu ya shanga akitaja wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Leo makumbusho ya Ulaya na Marekani yana lukasa kadhaa, safi, chini ya taa nzuri, na mgeni anazitazama dakika mbili anapita. Kibao kipo, aliyejua kukisoma hayupo. Kilichotunza historia kwa miaka mingi kilikuwa chama chenyewe, kilichofundisha vijana na kuwaheshimu waliofundisha. Ninawakumbusha hayo kwa sababu kila mara tunapozungumza juu ya kuhifadhi elimu, viongozi wanaanza na mashini. Watanunua kompyuta, watazifunga kwenye chumba chenye kufuli, na baada ya miaka mitatu zitakuwa vibao visivyo na msomaji.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa lugha yetu yenyewe. Sisemi Kiswahili cha Zanzibar. Nasema hiki cha Katanga, cha soko, cha treni na cha mgodi, ambacho masomoni hakihesabiwi kuwa lugha ya kuandikia.

Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mtu aliyeitwa André Yav aliandika historia ya mji huo kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale waliopika, kufua na kulea watoto wa Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili chao jinsi walivyosema, bila kuuliza mwalimu yeyote kama herufi zimekaa sawa. Ilikuwa ni kurasa chache zilizopigwa kwa mashini. Karatasi kama hizo kwa kawaida zinaishia kufungia karanga. Hizi zilimfikia Johannes Fabian, profesa aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970. Mwaka 1990 alizichapisha pamoja na tafsiri, akisaidiwa na Kalundi Mango. Baadaye Fabian na mwenzake Vincent de Rooij, wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, walifungua kwenye intaneti ghala la maandishi ya Kiswahili chetu, wazi kwa kila mtu. Waliweka humo historia ya Yav. Waliweka mazungumzo na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyechora historia yote ya nchi yetu picha kwa picha na kueleza kila moja kwa mdomo wake. Waliweka michezo ya kikundi cha Mufwankolo, jina ambalo wazee wanaonisikiliza hawahitaji kuelezwa. Waliweka pia mazungumzo ya mwaka 1974 na mganga wa Lubumbashi aliyeitwa Kahenga.

Hayo ya Kahenga yana somo lake. Fabian aliyaweka kwanza wazi, neno kwa neno, kisha mwaka 2008 akatoa kitabu kizima cha kuyafafanua. Kwa hiyo msomaji ana maneno ya mganga upande mmoja na maneno ya profesa upande mwingine. Akiona profesa amekosea, anaweza kusema: hapana, hapa mzee alisema kitu kingine. Miaka mingi watu walikuja kwetu, wakachukua maneno, wakarudi na kitabu, na sisi tukabaki na jina la kitabu tu. Tulisifiwa au tulitukanwa humo bila kujua. Elimu iliyo wazi inampa mtoto wa Katoto haki ya kubishana na kitabu kilichoandikwa juu ya babu yake. Mimi siwezi kudharau haki hiyo, hata kama leo ni wachache wanaoitumia.

Sasa tazama msingi wake. Ghala hilo la Kiswahili cha Katanga lilisimama juu ya mabega ya watu wachache na mashini ya chuo kimoja, kilomita maelfu kutoka hapa. Anwani yake kwenye intaneti imebadilika zaidi ya mara moja, na kila anwani inapobadilika, vitabu vyote vilivyotaja anwani ya zamani vinawapeleka wasomaji mahali patupu. Fabian alistaafu zamani. Siwalaumu hata kidogo, walifanya kazi ambayo sisi wenyewe hatukuifanya. Lakini kama siku moja chuo kile kitaamua kwamba Kiswahili cha Katanga hakina faida tena kwake, ni nani kati yetu aliyealikwa kwenye kikao hicho? Na kama tungealikwa, tungetoa nini mezani?

Hapo ndipo ninataka tufike. Nyumba zilizodumu ni zile zenye walipaji wengi. Wanafizikia wa dunia wana mahali pa kuweka kazi zao wazi, panaitwa arXiv, pamekuwepo tangu 1991. Kwanza palibebwa na kazi ya mtu mmoja, baadaye na maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Gharama zilipokua, mwaka 2010 maktaba hiyo ilianza kuwaomba wenzake waliokuwa wakitumia sana wachange kila mwaka. Brazil ilianza SciELO mwaka 1997 kwa pesa ya umma, kisha nchi nyingine za Amerika ya Kusini zikaingia, kila moja ikisimamia majarida yake yenyewe. Afrika tuna AJOL, iliyoanza 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini, inayokusanya mamia ya majarida ya vyuo vyetu. Ni namna ya likelemba, ingawa mfano hauendi mpaka mwisho: katika likelemba unangoja zamu yako ubebe pesa nyumbani, na hapa hakuna zamu, kila mtu anakula kila siku kutoka sahani moja, hata yule asiyechanga. Ndiyo maana ni vigumu kuwafanya watu wachange.

Na wasipochanga? Waindonesia wanajua. Watafiti wao walijenga ghala la wazi liitwalo INA-Rxiv juu ya mashini ya shirika moja la Marekani lililokuwa likitoa huduma bure. Watu walilipenda, kazi zikaongezeka. Kisha shirika likasema haliwezi tena kubeba mzigo peke yake, na Waindonesia wakatakiwa kulipa karibu dola 25,000 kwa mwaka. Mwaka 2020 ghala lao lilikuwa limekwama kwa kukosa pesa. Lilikuwa limepata adhabu kwa sababu ya kufaulu. Ghala la Waafrika, AfricArXiv, lililoanza 2018 kwenye mashini hiyo hiyo, lililazimika kutafuta nyumba nyingine. Bure ya mtu mwingine ina mwisho wake.

Niseme na jambo moja ambalo wapenzi wa elimu ya wazi hawalisemi kwa sauti ya kutosha. Si kila neno linafaa kuwa wazi. Mama aliyetoka Mitwaba akaeleza nani alichoma nyumba yake, na jina la kijana aliyemtambua, maneno yake yakiwekwa mahali ambapo kila mtu anasoma yanaweza kumuua yeye au ndugu zake waliobaki. Waliofukuzwa Katanga miaka ya 1992 na 1993, na waliokimbia Kasai mwaka 2017, wana ushuhuda ambao bado ni moto. Ghala zuri lina chumba cha wazi na chumba cha kufungwa, na lina mtu mwenye akili anayejua kipi kinakaa wapi na kwa miaka mingapi. Mtu huyo hawezi kuwa mashini, wala hawezi kuwa mgeni anayekaa miezi sita. Anapaswa kuijua nchi hii na kujua kwamba jina la kijiji peke yake linatosha kumtambulisha mtu. Kwa hiyo nikisema tuwe na nakala zetu hapa, nasema pia tuwe na mlinzi wetu.

Najua jibu nitakalopewa. Watu hawana unga, wewe unazungumza juu ya maktaba. Ninalichukua kwa uzito, kwa sababu ni kweli kwamba watu hawana unga. Lakini sombe na bukari havitatoka kwenye pesa ninayoizungumza. Ninazungumza juu ya pesa ambayo tayari inatumika juu yetu: magari ya uchunguzi, hoteli za wachunguzi, tableti, semina za kuanzisha na semina za kufunga. Sehemu ndogo ya kila mradi ingeweza kubaki Kamina kwa ajili ya kutunza kile ambacho mradi umekusanya Kamina. Tena unga wenyewe unahusika. Shirika linaloamua wapi pa kupeleka chakula linatazama namba. Mwaka ambao namba zimezimwa, Haut-Lomami inakuwa doa jeupe kwenye ramani, na chakula hakiendi kwenye doa jeupe.

Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa mara nne. Tulipata gavana, bunge na bendera za biro. Kumbukumbu hatukugawana. Chuo kikuu kikubwa, jumba la makumbusho, wale maprofesa wa mpango wa Mémoires de Lubumbashi waliokuwa wakikusanya habari za wakaaji tangu mwaka 2000, vyote viko Lubumbashi, na hiyo si lawama kwa Lubumbashi. Mwanafunzi wa hapa anayeandika kazi yake ya mwisho juu ya Kamina anapanda treni kwenda kusoma juu ya Kamina, na treni yenyewe mnaijua.

Akitafuta jina la Katoto katika vitabu vya wasomi, atakachokuta ni makaburi. Ni Katoto nyingine, ile ya Lualaba karibu na Bukama, ambako Jean Hiernaux na wenzake walifukua makaburi ya kale mwishoni mwa miaka ya 1950. Pamoja na Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi hayo yaliifundisha dunia kwamba watu wa bonde hili walikuwa wakifua chuma na shaba na kufinyanga vyungu vya ajabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Vitu vingi vya Kongo vya namna hiyo viko Tervuren, Ubelgiji. Mwezi wa 2 mwaka 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyomo katika jumba lile. Wengi walicheka: tumepewa orodha! Mimi sikucheka sana. Orodha ni mwanzo wa kuuliza. Lakini angalia kwa nini vitu hivyo havijapotea: kila mwaka, katika bajeti ya serikali ya Ubelgiji, kuna mstari wa jumba lile. Mfadhili hasubiriwi.

Mstari kama huo ndio ninaouomba kwa bunge la jimbo letu, hata uwe mdogo wa kuchekesha. Mshahara wa mtu mmoja aliyesomea kazi ya maktaba. Paneli za jua na betri, kwa sababu umeme tunaujua. Diski mbili, moja kwenye Chuo Kikuu cha Kamina na nyingine mahali tofauti, kwa dayosisi au kwa Wamethodisti, ili moto wa nyumba moja usimalize yote. Kazi ya kwanza ya mtu huyo iwe kunakili yale ambayo tayari ni ya wazi na yanatuhusu: Kiswahili cha Katanga, ripoti za afya za jimbo, vitabu vya bonde la Upemba. Maandishi matupu hayachukui nafasi, yote yangeingia kwenye diski inayouzwa sokoni. Kazi yake ya pili iwe kupokea kaseti za wazee na za redio kabla utepe haujaoza. Vyuo vya Kongo vina mtandao wao, Eb@le, ulio ndani ya umoja wa UbuntuNet wa nchi za mashariki na kusini. Chuo chetu kikiingia humo na kitu mkononi kitasikilizwa tofauti na kikiingia na ombi tu. Hata mchango wa franka chache kwa kila mwanafunzi kwa mwaka ungetupa kiti.

Kabla bunge halijafika huko, kamati za kambi na wakuu wa mitaa wanaweza kuanza bila ruhusa ya mtu. Mchunguzi akija na tableti yake, mpeni kiti, mpeni maji, na kabla ya swali lake la kwanza mwulizeni ninyi: majibu yetu yatakaa wapi, nani analipia mahali hapo na mpaka mwaka gani, majina yetu yatafichwa namna gani, na nakala ya Kamina itapewa nani? Yaandikeni majibu yake kwenye daftari la kamati, pamoja na jina la shirika lake na tarehe.